RIWAYA YA SHULENI NA BINTI ZETU: KWA NINI SIKUTIA SAINI



 

Wazazi wanne wa hapa kwetu Nyamirambo wameandika barua kwa mkuu wa sekondari moja ya Kigali, wakitaka riwaya inayosomeshwa katika darasa la Kiingereza iondolewe, na kama haiondolewi basi binti zao watolewe katika somo hilo. Waliniletea barua hiyo madrasa ili na mimi nitie saini kama mwalimu wa dini. Sikutia. Na kwa kuwa maneno yameshaenea msikitini kwamba "ustadhi anatetea vitabu vya kuutukana Uislamu", nimeona niandike hapa, kila mwenye nyumba asome pamoja na mkewe na wanawe, kisha ahukumu mwenyewe.

Riwaya yenyewe inaitwa So Long a Letter. Aliyeiandika ni Mariama Bâ, Muislamu wa Senegal, aliyezaliwa Dakar mwaka 1929, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na babu na bibi, akasoma Qur'ani na akasoma shule ya Kifaransa, akawa mwalimu, akazaa watoto tisa, kisha akaachana na mumewe. Kitabu alikitoa mwaka 1979 kwa Kifaransa. Mwaka 1980 kikapata tuzo ya Noma, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa kwa vitabu vya Afrika, na mwaka 1981 mwandishi akafariki, Allah amrehemu. Sisi tuliosoma kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoamua kuyatoa masomo katika Kifaransa na kuyapeleka katika Kiingereza, wengi tunakijua kwa jina lake la Kifaransa. Watoto wetu wanakisoma kwa Kiingereza. Kimefasiriwa hata kwa Kiswahili, kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, na mwenye kukipata ninamuomba akisome kabla ya kuniandikia.

Nimetaja haya yote kwa sababu niliwauliza wale wazee wanne kitabu kimeandikwa na nani. Mmoja akasema mzungu. Mwingine akasema ni mambo ya mashirika ya haki za wanawake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekishika mkononi.

Kisa chake ni hiki. Mama mmoja wa Dakar, Ramatoulaye, amefiwa na mumewe Modou. Yumo ndani ya eda, na humo ndani anamwandikia barua rafiki yake wa tangu utoto, Aissatou, aliyeko Marekani. Barua hiyo ndiyo kitabu kizima. Anaeleza jinsi alivyozaa na Modou watoto kumi na wawili, jinsi Modou alivyomuoa Binetou, rafiki wa binti yao mkubwa, msichana aliyekuwa akija nyumbani kudurusu masomo na mwenzake, na jinsi tangu siku hiyo Modou hakurudi tena nyumbani kwa miaka mitano mpaka mauti yalipomkuta. Aissatou naye mumewe, Mawdo, aliozwa mke wa pili na mama yake. Yeye hakukaa. Alichukua wanawe wanne akaondoka.

Sasa darasani inakwendaje? Kila siku kuna kipindi kimoja. Vitabu ni vichache, wanafunzi watatu wanatumia nakala moja. Mmoja anasoma kwa sauti, mwalimu anasimamisha, anaeleza maneno magumu, anaandika ubaoni wahusika na maudhui, wanafunzi wananakili. Kisha wanapewa swali la kuandika nyumbani. Mwalimu ni dada kijana, Mkristo, mwenye adabu na mwenye bidii. Kipindi kikiisha saa tisa, wanafunzi wangu wanakuja madrasa baada ya Alasiri na daftari la Kiingereza chini ya kwapa, na kabla sijafungua kitabu cha fiqhi wananiuliza, "Ustadhi, leo tumesoma kwamba..."

Ndugu zangu, nina zaidi ya miaka kumi na tano nasomesha. Mlango wa eda huwa naupitisha katika wiki moja na wanafunzi wanasinzia. Mwaka huu, kwa ajili ya riwaya hii, nimeulizwa maswali ya eda ambayo sijawahi kuulizwa na mtu mzima. Kwa nini mwanamke akae miezi minne na siku kumi na mwanamume asikae? Je, mjane akiwa mwalimu atakwenda kazini? Mwenye mimba je? Tulirudi kwenye aya ya 234 ya Suratul Baqara, na kwenye aya ya 4 ya Suratut Talaq inayompa mwenye mimba muda wake mpaka atakapojifungua. Tukazungumza hekima yake: kujulikana kama ana mimba au hana, kuiheshimu ndoa iliyokwisha, na kumpa mwanamke muda ambao hakuna wa kumsukuma huku na huku. Ramatoulaye eda yake anaikaa kwa ridhaa, haikimbii. Angetaka mwandishi kuikejeli sharia, hapo palikuwa pazuri pa kuanzia. Hakufanya hivyo.

Lakini mahali ambapo nataka wazazi mkae kitako mtazame ni pale anapoingia Tamsir.

Tamsir ni kaka yake marehemu Modou. Siku ya arubaini imepita (na arubaini ni mila, si hukumu ya sharia, ila sitaki kuanzisha ugomvi mwingine leo), jioni anaingia nyumbani kwa mjane akiwa na Mawdo na imamu wa msikiti. Anamwambia waziwazi kwamba akishatoka eda atamuoa. Hamuulizi, anamwarifu. Mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa akinyamaza, siku hiyo anasema. Anamwambia Tamsir kwamba yeye si kitu cha kupokezana mkono kwa mkono, anamkumbusha wake zake alionao na watoto ambao hawamudu kuwalisha, na anamkatalia mbele ya wote. Imamu anashtuka, anaona mwanamke ametamka maneno mabaya naye bado amevaa nguo za eda.

Mwalimu darasani, kwa nia njema, akaandika ubaoni kwamba katika Uislamu mjane hurithiwa na ndugu ya mume. Wasichana wetu saba wakanakili. Mmoja akainua mkono akasema kwamba nyumbani kwao hajaliona hilo, mwenzake akamwambia, "Lakini imamu alikuwepo, kwa hiyo ni dini." Wakanijia wamenuna, wawili wanakaribia kulia.

Niliwaambia fungueni Mas-hafu. Aya ya 19 ya Suratun Nisaa inawakataza waumini kuwarithi wanawake kwa nguvu. Hii ilikuwa desturi ya Waarabu wa Jahiliya, mtu akifa jamaa zake wanamchukua mjane kama wanavyochukua ngamia, na Qur'ani imekuja kuikata. Kisha fungueni aya ya 235 ya Suratul Baqara, inayofuata moja kwa moja ile ya eda: mwanamume anaruhusiwa kudokeza tu, ama kuahidiana kwa siri au kuazimia kufunga ndoa kabla ya muda kutimia, hapana. Sasa hesabuni. Miezi minne na siku kumi ni kiasi cha siku mia moja na thelathini. Tamsir amekuja baada ya siku arubaini, na hakudokeza, ametamka. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka ashauriwe. Basi nani pale sebuleni amevunja sharia? Ramatoulaye aliyepandisha sauti? Au Tamsir, na imamu aliyefuatana naye badala ya kumvuta kanzu wakiwa bado mlangoni?

Wasichana wakacheka. Walicheka kwa kupumua, unajua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mmoja akasema, "Kumbe Ramatoulaye ndiye aliyekuwa na aya." Ndiyo, mwanangu, ndiye aliyekuwa nayo.

Hapo ndipo ninapopishana na wale wazee wanne. Wao wanasema kitabu kinautukana Uislamu kwa sababu kinamwonesha imamu mbaya na waume wabaya. Mimi nasema kitabu kinawaonesha Waislamu wanaofanya mambo ambayo Uislamu umeyakataza, na tusijidanganye, ndugu zangu, watu hao tunawajua. Katika mitaa yetu hamna Tamsir? Hamna mjane ambaye shemeji zake walihesabu mabati ya nyumba kabla maiti haijatoka? Mimi nimeitwa kusuluhisha mara nyingi mno, na kila mara anatokea mtu mmoja aliyevaa kofia anasema "hii ndiyo dini yetu". Binti akilikuta jambo hilo katika riwaya akiwa na miaka kumi na saba, akasomeshwa na aya yake, atalitambua siku litakapoingia sebuleni kwake.

Tukaja kwenye mirathi. Mwandishi analitumia neno hilihili, kwa matamshi ya kwao, mirasse. Ramatoulaye anasema mirathi inataka marehemu afunuliwe, mambo yake yawekwe hadharani, ndipo anapoanza kusimulia yote Modou aliyomfanyia. Wanafunzi wakauliza: ni kweli dini inataka siri za maiti zitolewe nje? Nikawaambia hapa mwandishi amelinyoosha neno. Katika faraidhi kinachofunuliwa ni mali na madeni. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha ndiyo warithi wagawane. Kueneza aibu za maiti si katika mirathi, na tumekatazwa kuwatukana waliokufa. Ila mjane akimwandikia rafiki yake mmoja kwa uchungu jinsi alivyodhulumiwa, mimi sitakuwa wa kwanza kumnyooshea kidole.

Na madeni ya Modou ni somo kamili! Alimnunulia Binetou nyumba kwa mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo ikawa nyumba ile aliyokuwa akiishi mke wa kwanza na watoto, nyumba ambayo Ramatoulaye alichangia kwa mshahara wake lakini hati ilikuwa kwa jina la mume peke yake. Akafa, deni likabaki. Nikawachorea ubaoni hesabu yangu ya mfano: tuseme baada ya kulipa madeni yote zimebaki faranga milioni 16, wazazi wa marehemu wameshafariki, ameacha wake wawili na watoto. Wake fungu lao ni thumni, yaani milioni 2, wanagawana, kila mmoja milioni 1. Milioni 14 ni za watoto wote, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kijana mmoja akauliza, "Na kama deni ni kubwa kuliko mali?" Basi hakuna cha kugawa. Kimya kikaingia. Nadhani kila mmoja alikuwa anawaza hati ya nyumba yao iko kwa jina la nani. Wazazi, na ninyi waulizeni wake zenu swali hilo leo usiku. Tena hapa Rwanda tangu sheria ya mwaka 1999 mtoto wa kike ana haki ya kurithi mbele ya serikali sawa na wa kiume, kwa hiyo atakayeacha mambo bila maandishi anawaachia wanawe kesi pande mbili, kwa kadhi na mahakamani.

Ukewenza ndio uliowachoma zaidi wale wazee, na ndio niliousomesha kwa siku chache zaidi, kwa sababu maneno yake si mengi. Aya ya 3 ya Suratun Nisaa imeruhusu, na imefunga ruhusa hiyo kwa uadilifu, na mwenye kuogopa kutotenda haki ameambiwa abaki na mmoja. Aya ya 129 ya sura hiyohiyo imekataza kumwelemea mmoja ukamwacha mwingine ananing'inia, si mke wala si aliyeachwa. Modou alimwacha Ramatoulaye ananing'inia miaka mitano, bila zamu na bila nafaka, na watoto kumi na wawili. Huyo si mfano wa mitala, ni mfano wa kutelekeza. Mawdo ana afadhali kidogo, alikuwa akienda huku na huku. Lakini mama yake alimuoza mke wa pili kwa kuwa Aissatou ni binti wa mfua dhahabu na wao walijiona damu ya kifalme. Mnaijua Suratul Hujurat, aya ya 13. Dharau ile haina hata harufu ya dini.

Msichana mmoja aliniuliza kama Aissatou alipata dhambi kwa kuondoka. Nikamsimulia habari ya mke wa Thabit bin Qays, iliyo katika Bukhari, aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) na kusema hana kasoro ya dini wala tabia ya kumtoa mumewe, ila hawezi kuendelea naye, akaamriwa arudishe shamba alilopewa kama mahari, na Thabit akaamriwa amwache. Mlango upo. Mimi binafsi ningependa Aissatou angekwenda kwa kadhi na asiishie kuacha barua tu. Lakini mlango upo.

Kuna mambo ya kitabu nisiyoyapenda, na nimewaambia wanafunzi. Wale mabinti wa Ramatoulaye wanaovuta sigara, sikuwapitishia muda. Kuna binti mwingine anayepata mimba kwa kijana mwenzake kabla ya ndoa. Zinaa ni zinaa, na mwandishi anaipita haraka kuliko nitakavyoipita mimi. Ila mama anapopata habari ile anakasirika, kisha anamkumbatia mwanawe na hamfukuzi, na kijana anakuja kukubali wajibu wake. Nani katika sisi anajua atafanya nini siku hiyo, Allah atuepushe nayo? Nawajua wazazi waliomfukuza binti usiku. Sharia haikuwaambia wafukuze.

Sasa malalamiko yangu, maana yapo. Wiki iliyopita swali la nyumbani lilikuwa hili: oneshani jinsi Uislamu unavyomkandamiza mwanamke katika riwaya hii. Swali la namna hiyo limeshajijibu lenyewe. Mwanafunzi Muislamu ama aandike kinyume cha imani yake apate alama, ama ashikilie imani yake apoteze alama, na alama hizo ndizo atakazozitegemea katika mtihani wa taifa. Nilikwenda shuleni kumwona mwalimu. Sikwenda na watu kumi nyuma yangu, nilikwenda peke yangu, na nilikuwa na karatasi moja yenye zile aya nilizozitaja pamoja na tarjuma yake kwa Kiingereza. Tulikaa nusu saa. Aliniambia kwamba yeye aliyapata maelezo hayo katika kijitabu cha majibu kinachouzwa mitaani, na hakuwa na Muislamu wa kumuuliza. Hilo la mwisho liliniumiza, kwa maana shule ina wanafunzi wetu tele na msikiti hauko mbali. Siku ya pili aligawa ubao sehemu mbili, upande mmoja akaandika mila, upande wa pili dini, akawaambia wanafunzi wapange kila tendo la kila mhusika mahali pake na watoe ushahidi kutoka kitabuni. Swali la nyumbani akalibadilisha, likawa juu ya wahusika na matendo yao. Wasichana wanasema walibishana mpaka kengele, na Wakristo walikuwa wakiwauliza wao aya.

Ingekuwa tumetuma ile barua ya saini, lipi katika haya lingetokea? Binti zetu wangekaa nje, na ule mstari wa kwamba mjane hurithiwa ungebaki ubaoni, ukanakiliwa na wenzao thelathini wasiokuwa na wa kuwasahihisha.

Baba mmoja, hata hivyo, ameshikilia msimamo wake na amemtoa mwanawe. Ni haki yake kama mzazi na mimi simvunjii heshima, ni rafiki yangu. Lakini nimesikia kwamba kipindi hicho msichana anakaa maktaba, na maktaba ndiko vinakowekwa vitabu hivyo.

Ninachoomba kwa wazazi ni kidogo. Mtoto akirudi muulizeni leo mmefika wapi, nani kafanya nini, na wewe ungefanyaje. Akina mama hasa, msiseme Kiingereza hamkijui. Kisa mtasimuliwa kwa Kiswahili, na kuhusu ukewenza, mashemeji na hati za nyumba hakuna mwalimu atakayewafundisha ninyi. Likitokea swali la dini msilolijua, msilijibu kwa kukisia. Tuleteeni. Darasa litamaliza riwaya wiki mbili zijazo, na mpaka wakati huo nitabaki madrasa kila Alhamisi baina ya Alasiri na Magharibi kwa ajili ya maswali haya tu, wanafunzi na wazazi wao. Mwalimu wa Kiingereza nimemkaribisha pia, na amesema atakuja.

Swali la kwanza la Alhamisi hii nimeshalipata, limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, halina jina. Linauliza juu ya Daouda Dieng, yule mtu wa heshima, msomi, aliyempenda Ramatoulaye tangu ujana na akamjia kwa posa njema, naye akakataa kwa kuwa mwenzake ana mke na hakutaka kumwingilia. Je, mjane ana haki ya kumkataa hata mtu mwema? Jibu ni ndiyo, anayo. Dalili zake tutazisoma Alhamisi, inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.